Bawaba za Silvesta

Arnold alinipigia simu saa tatu na dakika ishirini usiku, Jumanne, mwezi wa nane mwaka wa 2017. Nilikuwa hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya sita, nyumbani kwa Peninah, nesi ninayemlelea watoto akiwa zamu ya usiku. Emily alikuwa amelala. Mdogo wake alikuwa begani kwangu, bado anahangaika na meno.

"Mama Michelle, uko wapi?"

"Kazini. Niwe wapi tena saa hii?"

"Keti chini kwanza."

"Arnold, usiniambie nikae. Sema."

"Nyumba imeshika moto."

Nyumba aliyoisema ni ile ya Al Wukair, nje ya jiji, jumba la ghorofa moja ambalo Arnold alilikodisha lote kutoka kwa mwenyewe, akalikatakata vyumba kwa mbao, akatupangisha sisi Wakenya na Waganda. Chumba changu na binti yangu Michelle kilikuwa cha mwisho kabisa nyuma. Kutoka mle kwenda mlango wa mbele, lazima upite jikoni.

"Moto umeanzia wapi?" nikauliza.

"Jikoni."

"Michelle ametoka?"

"Watu wanatoka, Mama. Mimi niko barabarani, polisi wamefunga njia. Kuna moshi mwingi."

"Nimekuuliza Michelle."

Nilisikia ving'ora nyuma yake. "Huyo bado sijamwona," akasema.

Nikatia mkono mfukoni mwa dera. Mlikuwa na funguo tatu ndogo, zimefungwa pamoja kwa uzi. Zilikuwa funguo za kufuli moja, niliyoitia kwenye mlango wa nyuma wa chumba chetu Ijumaa iliyopita. Zote tatu nilikuwa nazo mimi. Michelle akitaka kutoka kwa nyuma, ilimbidi anipate mimi kwanza, na mimi nilikuwa mbali, mwendo wa nusu saa kwa teksi, na mtoto wa mtu begani.

Mtu atauliza chumba cha kupanga kule kilipataje mlango wa nyuma. Vyumba vya namna ile huwa na mlango mmoja, na wakati mwingine hata dirisha hakuna. Chetu kilikuwa na mlango wa pili kwa sababu ya Silvesta. Usiku ule, kila nilipomwacha mtoto wangu katika mawazo, nilimkuta Silvesta, na nilipomwacha Silvesta nikamkuta mtoto wangu. Kwa hiyo nitamweleza.

Silvesta alikuwa mtu wa Kimilili. Alifika Doha mwaka wa 2005, umri wake kama miaka thelathini na minane, akaletwa kama fundi wa mbao. Kazi yake mchana ilikuwa kutengeneza zile mbao zinazomwagiwa zege kwenye maghorofa marefu. Alilala Industrial Area, chumba cha wanaume kumi, vitanda vya juu na chini. Hakuwa na cheti cha usanifu wa majengo. Alikuwa amesoma useremala na uchoraji wa ramani miaka miwili katika chuo cha ufundi cha kijijini, basi. Lakini jioni wenzake walipokuwa wakicheza karata, yeye alitandika karatasi ya mfuko wa saruji kitandani, upande uliokuwa safi, akachora nyumba.

Walianza kumcheka wakimwita Akitekti. Baada ya mwaka, wale wale waliomcheka wakawa wanampelekea vipimo vya viwanja vyao vya nyumbani. "Akitekti, yangu ni futi hamsini kwa mia, nichoree ya vyumba vitatu." Yeye hakuuliza kwanza unataka vyumba vingapi. Aliuliza mama yako anatembea na mkongojo au bila. Aliuliza ni nani anayeamka usiku, ni nani mzito wa usingizi, jiko la kuni liko upande gani wa upepo. Halafu akachora. Na kila chumba cha kulala alichochora kilikuwa na milango miwili.

Ndugu wa watu huko nyumbani waliposhika zile ramani walisikitika. Kuna mzee mmoja alimpigia simu mwanawe hapa Doha akamuuliza kama huyo msanifu anachora nyumba au banda la kuku. Wengine waliufuta mlango wa pili ramani ikiwa bado mkononi. Wengine walijenga vile vile alivyosema, kwa sababu ramani imetoka Ghuba na wakadhani ndivyo watu wa mbele wanavyojenga siku hizi. Nimesikia kwamba huko Bungoma ziko nyumba watu wanaziita nyumba za Doha, na ukiuliza kwa nini, wanakuonyesha ule mlango wa pili.

Mimi nilikutana naye mwaka wa 2012. Nilikuwa nimefanya kazi ya nyumbani kwa familia moja tangu 2006, nikilala kwao, na sasa nilikuwa nimehamia kwa Peninah, nikihitaji pahali pangu pa kulala siku za mapumziko. Arnold alikuwa ndiyo kwanza amekodisha lile jumba, akamchukua Silvesta kulikata vyumba, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye sakafu tupu, chaki mkononi. Mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata kwenye joto lile, penseli mbili sikioni.

"Wewe ndiye wa chumba cha nyuma?" akaniuliza. "Lala hapa, Mama."

"Nilale chini mbele ya wanaume?"

"Nataka kuchora kitanda kinachokutosha."

"Chora kitanda kama cha watu wengine."

"Basi simama hivyo hivyo nitakukadiria. Lakini usinilaumu miguu ikibaki nje."

Arnold alikuwa ameegemea ukuta, anakula njugu. "Akitekti, hii ni nyumba ya kupangisha," akasema. "Mbona unapima watu kama mtengeneza majeneza?"

"Jeneza ndilo linalotosheka na mlango mmoja," Silvesta akajibu, na hakucheka.

Waligombana kuhusu ule mlango wangu wiki nzima. Chumba changu kilikuwa cha ndani kuliko vyote, na Silvesta alitaka kuukata ukuta wa nje. Arnold alisema mwenye nyumba atamtoa roho. Silvesta akasema mwambie ni mlango wa kutolea taka. Arnold akasema hapana. Silvesta akakusanya misumeno yake, akaitia guniani, akaanza kutembea kuelekea barabarani, mbali, jua la saa saba. Arnold alimfuata na gari akamrudisha. Fundi mwingine wa kazi ya Ijumaa, kwa bei ile, hakuwapo.

Basi mlango ukakatwa. Ulikuwa mdogo, wa mbao na bati, ukifungukia ndani, kwa sababu nje kulikuwa na kijia tu kati ya nyumba na ukuta wa ua, upana wa mtu mmoja, pamoja na mashine za viyoyozi zinazotema joto. Upande wa kulia ulikuwa na komeo. Upande wa kushoto ulikuwa na bawaba mbili, ya juu na ya chini, na katika kila bawaba Silvesta alitia pini ndefu isiyogongwa nyundo, unaweza kuichomoa kwa vidole. Kwenye kichwa cha kila pini alifunga kitanzi cha kamba nyekundu.

Nilidhani vile vitanzi ni mapambo. Nilivitundikia taulo.

Silvesta hakumpa mtu ufunguo wa chumba chake mpaka apite mtihani. Alituita wote Ijumaa moja, akatuweka kila mtu kitandani pake, akatufunga macho kwa kitambaa. Ilibidi utoke nje peke yako bila kuona, mara tatu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hannah, aliyefanya kazi hotelini, alimkanyaga Arnold vidole, na Arnold akapiga kelele kwamba kodi ya Hannah inapanda leo leo.

Zamu yangu ilipofika, Silvesta alisimama nyuma yangu.

"Hatua ngapi?"

"Nne. Halafu mkono wa kushoto ukutani."

"Umefika mlangoni. Komeo likikataa?"

"Nitapiga kelele watu waje."

"Ukifungua mdomo, moshi unaingia. Komeo likikataa, achana nalo. Usipigane nalo hata kidogo. Nenda upande wa bawaba. Shika kamba. Vuta ya chini kwanza, ya juu mwisho. Ukianza na ya juu, mlango utakuangukia. Sema."

"Chini kwanza, juu mwisho."

"Na kila mwezi unaanza, tone la mafuta kwenye kila pini. Mafuta ya kupikia yanatosha. Hewa ya hapa ina chumvi, inakula chuma."

Nilifanya mara tatu nikapewa ufunguo. Mafuta niliyatia mwezi wa kwanza na wa pili. Baadaye nikasahau.

Siku moja nilimuuliza ni kwa nini anasumbuka hivyo na nyumba zisizo zake. Alikuwa anakunywa chai kwenye kizingiti changu. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na tisa alimjengea mdogo wake chumba cha mbao Nairobi, ndicho chumba chake cha kwanza kukijenga peke yake. Mlango mmoja. Moto ukaja kutoka kwa jirani.

"Nilijenga vizuri sana, Mama Michelle," akasema. "Wanaume sita walishindwa kuuvunja."

Akamaliza chai, akarudisha kikombe, akaondoka. Sikumuuliza tena.

Michelle alikuja mwaka wa 2013, umri miaka ishirini, kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli. Silvesta alimpa mtihani kama sisi wote. Msichana alipita mara ya kwanza bila kugusa kitu, na za pili na tatu akazifanya akiimba. Silvesta akaniambia huyu ana kichwa. Tangu siku hiyo, kila alipopita Al Wukair kukagua kazi zake, alimuuliza Michelle tu: "Tone?" Na Michelle anajibu: "Nimetia." Mimi nilidhani ni utani wao.

Mwaka uliofuata Silvesta aliumia mgongo kazini, mbao zilimwangukia. Akaendelea mwaka mmoja kwa dawa za maumivu, halafu mwaka wa 2015 akarudi Kimilili. Alijijengea nyumba ya chumba kimoja yenye milango mitatu. Mkewe alitutumia picha kwenye simu, analalamika kwamba upepo unawapiga kutoka kila upande na kuku wanaingia huku wakitokea kule. Mwaka wa 2016, mwezi wa pili, tukapata habari kwamba amefariki usingizini. Tulichanga, tukaomba pamoja, tukala wali. Mimi ninayajua majumba kumi na moja hapa Doha aliyoyakata yeye. Hakuna hata moja lenye jina lake. Ukitaka kujua kama mkono wake ulipita, angalia bawaba.

Sasa nirudi kwenye ile kufuli, kwa sababu ndiyo iliyonikalisha macho.

Mimi ni mtu wa kuogopa. Sijasoma sana, nimeishia darasa la saba, lakini macho yangu hayalali. Mwanzoni mwa mwezi ule wa nane nilirudi chumbani siku ya mapumziko nikaona mambo mawili. Kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, upande wa ndani, kulikuwa na mchanga. Na bawaba zilikuwa zinang'aa. Nikagusa kwa kidole. Mafuta.

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu za mama. Mlango usiotumika, mchanga unaingiaje? Na bawaba, mtu anazipaka mafuta za nini, kama si kwamba hataki zilie usiku? Michelle alikuwa amezoea kuongea kwa simu na kijana anaitwa Tevin, mlinzi, akitabasamu ameelekea ukuta. Nikaona yote kama sinema. Kijana anapita kwenye kile kijia cha viyoyozi, mlango unafunguka kimya, mimi niko Fereej Bin Mahmoud nalea watoto wa watu.

Katika nchi hii si mchezo. Mwanamume akikutwa katika chumba cha msichana ambaye si mkewe, ni polisi, ni kufukuzwa nchini, na mimi mama yake pamoja naye. Miaka yangu kumi na moja ingeishia hapo. Mtu mwingine angemuuliza binti yake. Mimi sikumuuliza. Niliogopa kuuliza, na niliogopa zaidi kujibiwa.

Ijumaa nikanunua kufuli, nikaipitisha kwenye komeo.

"Mama, hiyo ya nini?" Michelle akaniuliza.

"Wezi."

"Wezi wa Al Wukair hii?"

"Wezi wako kila pahali."

"Basi niachie ufunguo mmoja."

"Wa nini? Mlango huo unautumia?"

"Akitekti angekuona, angekutoa humu chumbani leo hii," akasema.

"Akitekti amekufa," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nilitia funguo zote tatu mfukoni, na Jumamosi jioni nikaja kazini.

Saa nne usiku ule nilimpigia Michelle mara ya kumi. Simu iliita, ikaita, haikupokewa. Saa nne na nusu ikawa haipatikani kabisa. Nilimpigia Peninah, lakini nilijua simu yake iko ndani ya kabati la wauguzi mpaka zamu iishe. Nikamwandikia: Nyumba yetu imeungua, Michelle hajulikani alipo. Baba Emily alikuwa safarini Muscat kwa kazi yake ya kompyuta. Hakukuwa na mtu wa kumwachia watoto. Nilisimama mlangoni nimevaa viatu, mtoto mgongoni, Emily nimemshika mkono anayumba kwa usingizi, nikafikiria kuwapeleka wote wawili kwenye moshi. Emily akaanza kulia. Nikamrudisha kitandani. Viatu sikuvua.

Arnold alipiga tena saa tano. "Wamebeba watu watatu kwa ambulensi," akasema.

"Akina nani?"

"Hawaturuhusu kukaribia. Mtu mmoja anasema wanaume wawili na mwanamke. Mwingine anasema wote ni wanaume."

"Nenda uangalie nyuma, Arnold. Kwenye kijia. Ule mlango wangu."

"Nyuma ndiko kunakowaka sasa, Mama."

"Arnold, nimeufunga. Nimeufunga kwa kufuli."

Akasema pole pole, "Wanauliza ni nani amepangisha hii nyumba. Wanaandika majina. Mimi lazima niondoke hapa." Baada ya hapo simu yake nayo ikazimwa. Simlaumu sana. Vyumba vile havikuwa na kibali, na yeye ana watoto wanne nyumbani. Lakini usiku ule nilimlaani, kwa sababu ndiye aliyekuwa macho yangu.

Ghorofa ya sita ilikuwa kimya. Nilianza kutembea. Kutoka kitanda cha Emily mpaka mlango wa nyumba ni hatua kumi na tatu. Nilihesabu na taa zimewaka, halafu nikafumba macho nikahesabu tena, nikagonga meza. Miaka mitano nimelala katika nyumba ile sikuwa nimewahi kuona kwamba ina mlango mmoja tu. Nilitoa mnyororo mlangoni. Nilivuta godoro la Emily mpaka karibu na mlango, mtoto nikamlaza pembeni yake, nikakaa chini mimi mwenyewe, mgongo ukutani, simu mapajani.

Nilizitazama zile funguo. Zilikuwa ndogo, za manjano, kama vitu vya kuchezea watoto. Nilijiona nimemjengea mwanangu kile chumba cha Nairobi. Wanaume sita walishindwa kuuvunja.

Nilijaribu kufikiria bawaba. Zile pini zipo, nikajiambia, kufuli haizuii pini. Lakini pini za miaka mitano, katika hewa ile ya chumvi! Hata bomba la maji la pale nyumbani liligandishwa na kutu tukalivunja kwa koleo. Ningejaribu kuzichomoa mwenyewe wakati nina nguvu zangu na taa inawaka, nisingeziweza. Yeye je, gizani, moshi kooni?

Saa tisa na nusu, mdogo wake Emily akaamka. Nilikwenda jikoni kumpashia maziwa. Taa ya jikoni iliwaka, na kando ya jiko kulikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia, kifuniko hakijakazwa. Nilinyoosha mkono nikikaze, vidole vyangu vikashika mafuta.

Nilisimama pale maziwa yakafurika.

Ilikuwa tarehe ngapi niliporudi chumbani nikazikuta bawaba zinang'aa? Ilikuwa siku ya mapumziko ya kwanza ya mwezi. Tarehe nne. Mwezi unaanza, tone la mafuta kwenye kila pini. Na mchanga pale kizingitini? Mtu akitoka nje macho yamefungwa, akazunguka kwenye kijia, akarudi ndani kwa mlango ule ule, huleta nini na miguu yake? Nikamkumbuka Silvesta kwenye kizingiti na kikombe chake, akiuliza: "Tone?" Na Michelle: "Nimetia." Haukuwa utani. Miaka minne, kila mwezi, msichana alifanya kile alichoambiwa na yule mzee, na hata baada ya kufa kwake hakuacha. Mimi ndiye niliyeona kijana pale pasipokuwa na mtu.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Hofu ilikuja upya, mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza tena. Angeweza kutoka. Pini zilikuwa laini. Lakini je, alilala usingizi mzito? Je, alikimbilia komeo kwanza, akapambana na kufuli yangu, akapoteza pumzi zote hapo? Komeo likikataa, usipigane nalo hata kidogo. Je, alikumbuka? Nilimwambia kwa sauti, pale jikoni, kama vile yuko mbele yangu: "Chini kwanza. Chini kwanza, mwanangu."

Adhana ya alfajiri ikasomwa msikiti wa karibu. Mimi ni Msabato, lakini nilipiga magoti sauti ile ikiendelea. Kukapambazuka rangi ya vumbi. Emily aliamka akajikuta karibu na mlango.

"Aunti, mbona tumelala hapa?"

"Joto, mama. Hapa kuna upepo."

"Hakuna upepo."

"Utakuja."

Saa moja ikapita. Saa moja na nusu. Zamu ya Peninah huisha saa moja, na kwa kawaida saa moja na dakika arobaini huwa amefika. Saa mbili hakuwa amefika. Simu yake iliita haikupokewa. Niliwaza kwamba mtu akipewa habari mbaya ya kumpelekea mwenzake huendesha gari pole pole. Nilikumbuka pia kwamba Peninah anafanya kazi hospitali, na kwamba wale watatu wa ambulensi walipelekwa pahali fulani, na kwamba msichana ambaye simu yake imeungua hana namba ya mtu yeyote kichwani. Yangu niliibadilisha mwezi uliopita. Hata angetaka kunipigia, asingeijua. Lakini Peninah, Michelle anamjua kwa jina, na wodi anayofanya kazi anaijua.

Saa mbili na robo lifti ikalia nje. Nikasikia viatu. Nilijaribu kusikia kama ni vya mtu mmoja au wawili, nikashindwa. Viatu vya Peninah vina soli za mpira, havilii. Hivi vilikuwa vinaburutwa.

Nilimsogeza Emily nyuma yangu. Funguo tatu zilikuwa mkononi, nimezibana mpaka zimenichora kiganjani. Ufunguo wa Peninah ukaingia, ukazunguka mara moja, ukakwama, ukazunguka tena. Sikuweza kunyanyua mkono kumfungulia.

Mlango ukafunguka, na kabla sijaona uso wa mtu, harufu ya moshi ikaingia.

Peninah alikuwa mbele, na sare yake ya kazi. Nyuma yake, ndani ya abaya ya kuazima iliyomfika vifundoni, nywele zimeungua upande mmoja, bendeji mkono wa kulia, bangili ya plastiki ya hospitali mkono wa kushoto, alikuwa Michelle. Alinitazama, akaangalia kiganja changu kilichofumbwa. Akaingiza mkono usio na bendeji ndani ya abaya, akatoa kitu, akanionyesha. Ilikuwa pini moja ndefu, nyeusi kwa masizi, na kipande cha kamba nyekundu bado kimefungwa kichwani.

"Ya juu," akasema. Sauti ilikuwa kama ya kikongwe. "Ya chini niliiangusha."